Sitonik Hajibu

Watu wa Karatu hunijua kwa mdomo kabla ya kunijua kwa kazi. Bernadina fundi wa mtandao, wanasema, atakuja na atatengeneza, lakini kwanza utasemwa. Sikatai. Mtu anakupandisha mlima na begi la vifaa, unafika unakuta waya wa ruta umechomolewa ili pasi ipate nafasi, utacheka naye? Lakini yupo bibi mmoja kutoka Endulen ambaye mbele yake mdomo wangu haukufua dafu, na ndiye ninayetaka kumsimulia. Jina lake Nalotuesha. Mimi namwita Koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi.

Kule Endulen, ndani ya hifadhi, Koko alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alizaa saba akazika watano. Alikamua, alichota maji kwa punda, alijenga nyumba yake kwa mikono yake kama wanawake wote wa kwao, na hakuwa amelala Karatu hata siku moja mpaka mwanawe wa mwisho alipofariki. Mwanawe huyo nilimjua kwa jina la Mathias. Alikuwa dereva wa watalii, mcheshi, mpenda kompyuta kupita kiasi. Angekusimamisha barabarani akuulize habari za antena huku wageni wake wanamsubiri garini. Mwezi wa pili gari lake liliacha njia kwenye ukungu, kwenye ukingo wa kreta. Alizikwa Endulen. Baada ya mazishi Koko alipanga shuka zake kwenye sanduku la bati, akaja kukaa na mkwewe Seenoi juu ya Tloma, karibu na msitu, kwa sababu kulikuwa na mtoto mgonjwa na mtu mmoja tu wa kumwangalia.

Mtoto ni Neema, wa miaka saba. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni midomo inageuka rangi ya zambarau, kwa hiyo alikuwa analala sebuleni na mashine ya oksijeni pembeni.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, katikati ya masika, Seenoi alinipigia saa sita mchana. Sauti ilikuwa inakuja na kukatika.

"Fundi, tangu asubuhi napanda huku chooni kutafuta mtandao wa simu nikupate. Intaneti ya nyumbani imekufa."

"Taa za ruta zinawaka?"

"Zote zinawaka. Lakini hakuna kinachofunguka. Dada, leo saa tisa wale madaktari wanamwangalia Neema kwa video."

Nilijua habari hiyo, mtaa mzima tulikuwa tumeiombea kanisani. Kuna madaktari wa nje wanaopasua watoto wenye mioyo ya namna hiyo, na kabla ya kumchagua mtoto lazima wamwone na wazungumze na mzazi wake. Neema alikuwa amepangiwa siku hiyo, saa tisa. Asiyeonekana nafasi yake anapewa mwingine, na yeye anasubiri zamu ya miezi sita ijayo. Daktari wa rufaa alikuwa amemwambia Seenoi, bila kumficha, kwamba miezi sita kwa mtoto huyu ni mingi.

Nilichukua begi nikapanda pikipiki ya Piusi wa bodaboda. Udongo wa kule mnaujua, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Tulianguka mara mbili. Tulipofika korongoni maji yalikuwa yanapita usawa wa vifundo, tukavuka kwa miguu huku Piusi akiisukuma pikipiki. Tulipopanda upande wa pili nikageuka, na jiwe nililokuwa nimelikanyaga dakika chache nyuma halikuonekana tena. Piusi alitazama wingu lililokaa juu ya msitu.

"Mama fundi, mimi narudi sasa hivi au silali kwangu leo," alisema, na akarudi mbio.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kuniingia. Nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba kazi ikinishinda tutambeba mtoto na mtungi wake mdogo wa oksijeni hadi ofisini kwangu mjini. Sasa njia hiyo ilikuwa chini ya maji. Simu nayo, pale nyumbani kwao, inashika kwa kubahatisha, na ni ya kuongea tu, picha haipiti. Kilichobaki ni dishi dogo juu ya bati la Mathias, linalotazamana na mnara wa mtoa huduma kilimani.

Niliingia saa saba na nusu. Sebuleni kulikuwa na kitanda cha Neema chini ya dirisha, na Neema mwenyewe amekaa kitandani na gauni la kanisani, nywele zimepakwa mafuta, mpira wa oksijeni puani. Walikuwa wamempamba kwa ajili ya madaktari. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa bibi mwembamba aliyejifunga shuka nyekundu. Nilimtupia "shikamoo" begani kama mtu anayewatupia kuku mahindi, nikaenda moja kwa moja kwenye ruta. Hakuitikia. Nikajisemea, bibi mwenyewe mkali.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Sisi ndio tunaoandika majina kwa sababu namba hatuzikumbuki. Kwa hiyo kila unapoandika jina la mahali unapotaka kwenda, kompyuta lazima kwanza imuulize mtu: huyu anakaa namba ngapi? Ni kama mgeni anayeshuka stendi akiulizia nyumba ya fulani. Barabara inaweza kuwa nzuri na miguu mizima, lakini kama hapo stendi hakuna anayemjua fulani, mgeni atabaki amesimama na mzigo wake.

Nikapima. Dishi linaongea na mnara, safi. Nikaita mashine ya mbali kwa namba yake, ikajibu upesi. Nikaiita hiyohiyo kwa jina, kimya. Nikajua ugonjwa: barabara ipo, anayeulizwa majina hayupo. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya dakika mbili. Unaiambia kompyuta, achana na huyo wa nyumbani, muulize mwingine wa nje. Nikafanya hivyo, na hata nikaanza kumtania Neema kwamba madaktari watadhani wanaongea na bibi harusi.

Kimya tena.

Nikajaribu wa pili wa nje. Kimya. Wa tatu. Nikaelewa. Ruta ilikuwa imeamriwa isimruhusu mtu yeyote wa nyumba ile kuuliza majina nje, ila kupitia mmoja tu wa humo ndani. Wazazi wengine hufanya hivyo ili watoto wasifike kwenye kurasa za ovyo. Mathias alikuwa amefanya, na akafanya vizuri mno, kama alivyofanya kila kitu. Na namba ya madaktari hatukuwa nayo, tulikuwa na jina tu.

Nikaigeuza ruta. Chini yake palikuwa na karatasi imebandikwa, mwandiko wa kalamu nyeusi: MAJINA YOTE ANAULIZWA SITONIK. NAMBA TANO. ASIPOJIBU, USIGUSE RUTA, MWANGALIE YEYE KWANZA.

Mafundi tuna tabia ya kuzipa mashine majina. Yangu ya ofisini inaitwa Oldeani. Nikadhani Sitonik ni jina la dume fulani la ng'ombe alilolipenda. Nikaita namba tano. Haikujibu.

"Sitonik hajibu," nikasema kwa sauti.

Nyuma yangu kikombe kilianguka. Sikugeuka. Nikaita tena.

"Sitonik hajibu kabisa. Seenoi, Sitonik yuko wapi? Mnamweka wapi?"

Mvua ilikuwa imeanza upya juu ya bati na nikadhani hawakunisikia, kwa hiyo nikapaza sauti, na nilipopaza sauti mimi nasikika hadi Mang'ola. "Jamani, nina saa moja tu! Sitonik ni nani na yuko wapi? Aje hapa!"

Nikageuka. Seenoi alikuwa amesimama na chai imemmwagikia miguuni, wala hakuonekana kuhisi moto. Bibi alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Alikuwa amepiga hatua mbili na kusimama kati yangu na kitanda cha mtoto, mikono ameitanua, na uso wake sitausahau. Nilidhani ni hasira. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa kiasi kile.

"Dada," Seenoi alinong'ona, "usiliite hilo jina. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Ni la baba Neema. Mathias ni la ubatizo. Kwao aliitwa hilo. Yuko kaburini Endulen, na kwetu aliyezikwa haitwi."

Mara nne nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba ya marehemu, mbele ya mjane wake na mama yake mzazi, nikimwita marehemu kwa jina lake na kumwamuru aje. Na mtoto wake mgonjwa yuko hapohapo kitandani.

Nikasema samahani, nikaisema tena, na samahani haikutosha hata robo. Halafu saa ya ukutani ikanikumbusha ni saa nane kasoro dakika kumi.

"Seenoi, si yeye ninayemtafuta," nikasema polepole. "Kuna kisanduku. Kidogo hivi, kama Biblia ya mfukoni, kina taa. Yeye ndiye aliyekipa jina lake. Kiko wapi?"

Alikimbilia kwenye rafu juu ya kitanda, akavuta pazia. Palikuwa na waya wa umeme na waya wa mtandao vinaning'inia, na mraba usio na vumbi mahali kisanduku kilipokaa.

"Kilikuwa hapa," alisema. "Tangu msiba sijagusa rafu yake. Fundi, kilikuwa hapa!"

Akamuuliza mkwewe kwa Kimaasai. Akamuuliza tena, kwa sauti ya kulia sasa. Bibi alitazama sakafuni.

Nikatoka mvuani hadi chooni nikampigia Sebastian, kijana wa ofisi ya mtoa huduma. Nilimweleza kwamba nataka kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani ili amri zote za marehemu zifutike.

"Ukibonyeza hapo, taarifa za kuingilia kwetu nazo zinafutika," alisema. "Faili ziko Arusha, na leo ofisi imefungwa. Bernadina, ukibonyeza, nyumba hiyo haina mtandao mpaka Jumatatu."

"Na nisipobonyeza?"

"Labda ujue paswedi ya ruta."

Paswedi alikuwa nayo marehemu. Nilirudi ndani nimelowa nikajaribu mbili za kubahatisha, siku ya kuzaliwa Neema na ya harusi yao. Zote zilikataa, na ruta ikaniandikia kwamba nikikosea mara moja tena itajifunga. Nikaiacha. Nikaomba sindano ya kushonea. Kitufe cha kufuta kila kitu kiko ndani ya tundu dogo nyuma ya ruta, na nilikaa na sindano ile imeelekea tunduni, nikijiambia kwamba labda Sebastian amekosea. Nimeshafanya kazi hii miaka kumi na moja. Sijawahi kuogopa tundu la ruta kama siku ile.

"Koko ndiye aliyemlaza," Neema akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa anaongea kwa vipande, neno moja kila pumzi.

"Jana jioni taa ilikuwa inapepesa. Nikamwambia Koko, yuko macho. Baba alinifundisha. Taa ikipepesa tunasema Sito…"

Bibi aliweka kiganja mdomoni mwa mtoto. Alikiweka taratibu, kama anayefunika maziwa.

Ndipo nilipopata picha yote. Mathias alikuwa mtu wa utani, mila yake aliijua na aliichezea. Alikipa kisanduku jina lake, na nyumba nzima ikazoea: taa ikipepesa, Sitonik yuko macho, ikizima, Sitonik amelala. Kisha akafa kweli. Na mama yake, ambaye hajawahi kuambiwa utani huo, siku moja jioni anamsikia mtoto wa marehemu, mtoto ambaye tayari mguu mmoja uko kaburini, anaonyesha taa ya kijani juu ya kichwa chake na kusema kwamba fulani yuko macho. Wewe ungefanyaje?

Nakiri, mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya ujinga, ushamba na karne hii. Yalifika kwenye ulimi. Kisha nikamkumbuka nyanya yangu mwenyewe, Mwiraqw wa Endabash, aliyefiwa na kichanga, majirani wakakaa miezi bila kunywa maji ya nyumba yake. Na baba yangu hadi leo, mzee wa kanisa na tai yake, hapitishi mbuzi wake mahali fulani. Hofu ya mwenzako ni rahisi kuicheka.

Nikaweka sindano mezani. Nikafanya ambacho nilipaswa kufanya nilipoingia: nikamwendea Koko, nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa kama wadogo wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Nikangoja. Mvua ilipiga bati na mashine ya oksijeni ikavuta na kutoa. Nilikuwa nakaribia kuinuka kwa aibu nilipohisi kiganja chake kikavu juu ya nywele zangu.

Alisema maneno mengi kwa Kimaasai. Seenoi akatafsiri huku machozi yanamtiririka.

"Anasema, nimezika sita. Huyu wa sita ameacha mtoto mmoja. Marehemu alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote, na aliyekufa akiitwa na mtoto anayempenda, anakuja kumchukua. Njia anaijua, ni nyumba yake."

"Mwambie simwiti mimi," nikasema. "Mashine haihitaji jina. Nitamwita tano tu."

Koko alisikiliza tafsiri akatikisa kichwa.

"Anasema, ukimwamsha kwa jina lolote, ni kumwamsha."

"Basi mwambie hivi. Wale madaktari hawawezi kumfikia Neema bila kisanduku hicho. Saa tisa ikipita, tumempoteza kwa njia nyingine. Mwambie nami naogopa. Mwambie sina ujanja mwingine."

Ilikuwa saa nane na nusu. Seenoi alitafsiri, na safari hii alipomaliza akapiga magoti. Koko alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto, midomo yake, kucha zake. Kisha akauliza swali moja.

"Anauliza nani atakayeamsha."

"Mimi," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Anasema hapana. Wewe una watoto. Anasema mimi Seenoi pia hapana, Neema atabaki na nani?"

Aliingia chumba cha ndani. Tulisikia komeo la sanduku la bati. Akatoka amekibeba kisanduku kwa mikono miwili kifuani, kimeviringishwa kwenye shuka, jinsi mtu anavyobeba kichanga. Nilimwonyesha waya kwa kidole, bila kusema. Alimwambia Seenoi akivute kitanda cha mtoto mbali, hadi ukuta wa pili, na Seenoi akavuta, na mpira wa oksijeni ukafika mwisho wake. Ndipo Koko alipochomeka waya kwa mkono wake, na kabla taa haijawaka akasema kwa sauti ya kawaida jina ambalo hakuwa amelisema tangu Endulen.

"Sitonik."

Halafu akaongeza kitu kifupi. Seenoi alijifunika uso.

"Amesema nini?"

"Amesema, ukiitika, niitikie mimi."

Taa iliwaka nyekundu. Nyekundu ni kawaida mwanzoni, inatakiwa ikae kidogo igeuke kijani. Haikugeuka. Kisanduku kilikuwa kimechomolewa ghafla jana yake, na kikizimwa hivyo kinapoamka hujikagua kwanza, na kikiwa kimeumia hakimalizi kujikagua hata milele. Hilo sikulisema. Saa tisa kasoro kumi. Kasoro nane. Nilikuwa nimefungua kompyuta mbele ya Neema na kioo kinaandika palepale kwamba mahali hapo hapapatikani. Koko alisimama mgongo ukiwa umeelekea kisanduku na uso ukiwa kwa mtoto, shuka ameitanua kwa mikono yote miwili kama pazia, na jasho linamtoka wakati sisi wengine tulikuwa tunasikia baridi ya mvua. Mimi nilianza Salamu Maria nikaisahau katikati.

Kasoro nne, taa ikawa kijani. Ikaanza kupepesa. Nikaita jina la kwanza lililonijia, likajibu. Nikaita lingine, likajibu. Ukurasa wa madaktari ukafunguka, na saa tisa na dakika moja akatokea mwanamume mwenye miwani, na pembeni yake muuguzi anayesema Kiswahili cha pwani, akimwamkia Neema kana kwamba wanafahamiana.

Walimtaka aonyeshe kucha. Walimtaka ahesabu hadi kumi, akafika sita akapumzika. Walimuuliza Seenoi maswali ishirini. Muda wote huo Koko hakushusha mikono. Ilikuwa dakika thelathini na tano, nilihesabu. Mwishoni yule wa miwani alisema neno moja na muuguzi akatafsiri: mwezi wa sita.

Seenoi alipiga yowe. Mimi nililia waziwazi, sioni haya. Koko alimgusa Neema kifuani, akakaa kwenye kigoda, akanionyesha kisanduku.

"Mzime," alisema kwa Kiswahili.

Ikabidi nimweleze kwamba hakizimwi. Madaktari wangepiga kila Alhamisi mpaka mwezi wa sita, kumwona mtoto anaendeleaje. Nilijitolea kukibadilisha jina. Nilikuwa na njia ya kukifungua sasa, ningekiita Oldeani wa Pili. Seenoi alipotafsiri, Koko alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye maneno mengi. Akasema marehemu si mtu wa kudanganywa kwa karatasi.

Kwa hiyo tangu siku ile hadi mwezi wa sita Koko alitandika ngozi yake sakafuni, kati ya rafu na kitanda cha mtoto, akawa analala hapo. Seenoi alikuwa ananiambia kwamba halali. Kila akiamka kumgeuza Neema anamkuta bibi macho wazi, ameitazama ile taa. Alikonda. Nilipopita Alhamisi kuangalia mitambo nilikuwa nainamisha kichwa kwanza, naguswa, ndipo nagusa waya.

Mwezi wa sita Seenoi na Neema waliondoka kwenda kwa madaktari. Siku ya kuondoka Seenoi alichomoa kisanduku mwenyewe akakirudisha kwenye sanduku la bati, ili mama apumzike. Tulipanga kwamba siku ya upasuaji nifike saa nane mchana, nikichomeke mimi, Seenoi apige, Koko ajue mjukuu wake yuko hai au vipi.

Siku hiyo nikachelewa. Hoteli moja ya watalii ilinishika kwa tatizo la kijinga na nilifika Tloma saa tisa na robo, nimekimbia kutoka barabarani. Nilikuwa nawaza kwamba Seenoi amepiga na kupiga, na bibi wa watu yuko pale peke yake na kimya. Niliingia bila hodi.

Kisanduku kilikuwa kwenye rafu na taa ya kijani inapepesa. Koko alikuwa kwenye kigoda, amekielekea uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusa ukuta. Nilifungua kompyuta, na haikuchukua hata dakika Seenoi akatokea kwenye kioo, uso wote machozi, akageuza simu. Neema alikuwa amelala na mipira kila mahali. Midomo yake ilikuwa ya waridi. Sikuwahi kujua kama ana midomo ya waridi.

Koko alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Aliitazama midomo ile kwa muda mrefu, akasema kitu na Seenoi akajibu, na picha ikakatika. Nikamgeukia.

"Koko, nani amewasha?"

"Mimi."

Nikamuuliza kama hakuogopa. Kiswahili chake kilikuwa kimekua kwa zile Alhamisi, akakitafuta neno kwa neno.

"Naogopa," alisema. "Nimemwita. Nimemwambia, mtoto hayuko hapa, mtoto yuko mbali. Niko mimi tu."